Wino Umekaa

Mgonjwa wa tatu siku hiyo alipanda kitandani bila kusaidiwa. Alivua kitenge cha kichwani, akakikunja mara nne, akakiweka chini ya kisogo, akajinyoosha kama mtu aliyekuja kupumzika.

"Wewe ndiye utakayenitoboa?" aliuliza.

"Ndiye mimi, mama."

"Kwenu wapi?"

"Hapahapa Chamwela."

"Chamwela siku hizi kuna watu wa kila namna. Nakuuliza kwenu."

Sechelela Chilongani alikuwa akivaa glavu. Alijua swali linaelekea wapi, na kabla hajajibu tabasamu lilikuwa limeshamtoka. "Mgogo, mama."

Mwanamke alicheka mpaka uvimbe ukacheza shingoni mwake. "Salaala! Nimesafiri siku mbili kutoka Urambo kuja kujikabidhi kwa mtani! Nyamizi binti Kasanda, leo umekwisha. Haya, andika hapo: nikifa, huyu Mgogo ndiye atakayenizika, na ng'ombe wangu asiwaguse hata mkia."

"Ng'ombe umewapata wapi? Ninyi si wapagazi? Babu zenu walipita hapa na pembe za watu mabegani."

"Walipita, na ninyi mkawatoza hongo ya maji! Mtu ana kiu, mnamwambia alipe. Haya sasa, maji yenyewe ndiyo haya, yametupa marovu bure."

Walicheka wote wawili, kisha kicheko kikakatika kwa pamoja, maana utani ulikuwa umegusa jambo lisilochekesha. Mgodi wa Chamwela ulifungwa miaka thelathini iliyopita, lakini vumbi lake halikufunga safari. Liliingia visimani, na kutoka visimani likaingia shingoni mwa watu. Nyamizi alikuwa mkunga. Kwa miaka kumi na minane aliwazalisha wake za wachimbaji pale pale mgodini, akinywa maji waliyokunywa wao, kabla ya kurudi kwao. Saratani ilimfuata hadi Urambo.

"Binti yangu Kabula ana mimba ya miezi minane," alisema, safari hii kwa sauti ya chini. Aliinua mikono yake juu ya uso, akaitazama. Ilikuwa mikono myembamba, yenye vidole virefu. "Nimemwambia asimwite mtu. Mjukuu wangu nitampokea mwenyewe kwa mikono hii. Kwa hiyo fanya haraka, mtani."

"Haraka ndiyo isiyotakiwa hapa, mama. Lala. Na nikianza, usiseme neno."

Sechelela alichukua kichupa cha wino. Ndani yake mlikuwa na masizi yaliyosagwa hadi kila chembe ikawa ndogo kuliko chembe ya damu. Ukiyatia katika tezi ya shingo, tezi huyanywa na kuyapitisha kwenye vitezi vinavyoizunguka, ambamo saratani hupenda kujificha. Baada ya saa moja vyote huwa vyeusi tii. Vipo vitu vinne tu mahali hapo visivyokunywa wino: punje nne zinazolingana na punje za mchele, mbili kulia, mbili kushoto, zimejibanza nyuma ya tezi. Hizo ndizo zinazochunga kalsiamu ya damu. Mtu akiondolewa zote nne, misuli yake hujikaza yenyewe. Huanza vidole, hufuata miguu, na asipopata dawa mwisho hujikaza koo.

Ndiyo maana wino uliletwa. Roboti iliyokuwa chumba cha pili, ambayo watu wa hospitali waliiita Fundi, haikufundishwa zaidi ya hapo: cheusi hukatwa, cheupe huachwa. Iliweza kupasua unywele katikati. Lakini kutia wino haikuweza, maana ganda la tezi ni laini, na wino ukisukumwa kwa pupa hutoboa njia, humwagika nje, hupaka kila unachokikuta. Kazi hiyo ilitaka kidole gumba cha mtu, kidole kinachosikia.

Watia wino wa Chamwela walikuwa na namna yao, wala haikuandikwa katika kitabu chochote cha Fundi. Waliimba wimbo wa kutwanga. Mwimbishaji alipotoa mstari wake, kidole gumba kilisukuma tone moja. Pale ambapo kinuni wangeitikia wenzake, yeye alinyamaza, na katika kimya hicho kidole kilipumzika na tezi ikapata nafasi ya kumeza. Mistari thelathini kila upande. Hakuna saa iliyowahi kuwapa mwendo mzuri kuliko huo.

Upande wa kushoto ulikwenda vizuri. Sechelela aliimba puani, macho kwenye skrini ambamo tezi ilionekana kama wingu la kijivu na ncha ya sindano kama cheche.

"Mchi wapanda..."

Tone. Kimya.

"Mchi wa mama..."

Tone. Kimya.

Alihamia kulia. Akaanza tena. "Mchi wapanda..."

"Na ushuke," aliitikia Nyamizi.

Ilikuwa sauti ya chini, nene, iliyokaa mahali pake barabara. Sechelela alipaswa kumwambia anyamaze. Kanuni ilikuwa hiyo, na alikuwa ameshaitaja. Lakini mtani hanyamazishwi hivi hivi. Atakujibu, na kujibu ni kusogeza shingo zaidi. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Ukweli ni kwamba alikuwa ameimba wimbo ule peke yake miaka minne, kila siku ya kazi, mstari baada ya mstari ukiangukia kimya, na sasa kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameupokea.

"Mchi wa mama..."

"Na ushuke."

"Unga mweupe..."

"Na ushuke."

Wimbo ulichangamka wenyewe. Pale palipokuwa na kimya sasa palikuwa na sauti, na kidole gumba, ambacho miaka yote kilijua kupumzika katika kimya, kilisahau kupumzika. Kwenye skrini tezi ilipanda na kushuka pamoja na koo la mwimbaji. Kisha kivuli kikateleza nje ya ukingo wa wingu la kijivu, taratibu, kama chai inavyotambaa kwenye kitambaa cha meza.

Sechelela alichomoa sindano.

"Mbona umeacha?" aliuliza Nyamizi. "Ndiyo kwanza umenoga."

"Umetosha, mama."

Alitazama skrini tena. Kivuli kilikuwa kimefifia, au kilikuwa kimeenea mno kuonekana. Huenda kilikuwa ndani ya ganda. Huenda kilikuwa cha sindano yenyewe. Bila kujua, aliinua mkono akaugusa upande wa kushoto wa shingo yake mwenyewe, chini ya kola, mahali palipokuwa na kitu kigumu kama kokwa la ubuyu. Kisha akabonyeza kitufe cha kijani cha kumpeleka mgonjwa mbele.

*

Daktari Nkuwi Mughenyi alikaa kwenye kiti chake pembeni ya chumba cha upasuaji, kichwa kimezama ndani ya darubini ya mashine, viatu amevivua. Alipenda kuisikia pedali nyekundu kwa unyayo mtupu, ingawa kazi yake kubwa ilikuwa kutoikanyaga.

Pedali ile ilisimamisha Fundi. Kila ilipokanyagwa, hospitali iliandikiwa doa. Mgonjwa akipoteza punje kwa kosa la wino, doa. Madoa matatu ndani ya mwaka mmoja na roboti hukunjwa, hutiwa kwenye sanduku lake, hupelekwa mji mwingine wenye mikono safi zaidi. Walioiazimisha Chamwela walikuwa mbali, na waliamini kwamba hiyo ndiyo njia ya kuwalinda wagonjwa. Chamwela ilikuwa na doa la Februari na doa la Juni. Sasa ulikuwa mwezi wa Agosti, na kwenye orodha ya kusubiri kulikuwa na watu mia nne kumi na wawili. Namba thelathini na nane ilikuwa ya Sechelela Chilongani.

Kwa uchache wa watu, mtia wino ndiye pia aliyesimama kwenye sinia kupokea kilichokatwa. Na kwa kanuni, yeye ndiye aliyeijibu mashine.

"Upande wa kushoto," ilisema Fundi, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri. "Wino?"

"Wino umekaa," alisema Sechelela.

Mikono minne ilishuka kwenye tundu dogo la kwapani na kupotea chini ya ngozi. Kwenye skrini ya ukutani kila kitu kilikuwa kikubwa na kitulivu. Tezi nyeusi. Vitezi vyeusi vilivyopangana kama shanga. Na punje mbili za kushoto, nyeupe kama inavyopaswa, lakini uvimbe ulikuwa umezikumbatia zote mbili. Haukuonekana mwanzo wala mwisho.

"Zimeshikwa," alisema Nkuwi kutoka kwenye kiti chake. "Hizo hatuna ujanja nazo. Ziende."

Ziliondoka na uvimbe. Hilo halikuwa doa. Hiyo ilikuwa saratani. Mtu anaweza kuishi vizuri kwa punje mbili, hata kwa moja. Nyamizi alikuwa amebaki na za kulia.

Mikono ilihama. Picha ikatulia upande wa kulia.

Palikuwa peusi pote. Tezi nyeusi, vitezi vyeusi, na nyuma ya tezi, ambapo macho ya Sechelela yalizoea kukuta weupe mara mbili, palikuwa na weusi uliotandazwa kama lami.

Nkuwi aliisogeza picha karibu zaidi. "Punje za kulia sizioni."

Sechelela aliendelea kutazama skrini.

"Wapo watu wanaozaliwa nazo zimekaa chini zaidi," aliendelea, kama anayejisomea. "Nimewahi kuziona kifuani kabisa."

"Upande wa kulia," ilisema Fundi. "Wino?"

Mashine ilisubiri sekunde thelathini, si zaidi. Ukikosa kujibu, ilihesabu kuwa umeisimamisha. Hesabu kwenye kona ya skrini ilianza kurudi nyuma: thelathini, ishirini na tisa.

"Sechelela," alisema Nkuwi. Hakutoa kichwa kwenye mashine. "Wino uliingia vizuri?"

Sechelela alimtazama Nyamizi. Hakuona uso, alikuwa amefunikwa mwili wote ila mkono wa kulia, uliolazwa kwenye ubao wake, kiganja juu, vidole virefu vimefunguka. Kumi na tisa. Akawafikiria watu wa kwenye baraza, walioanza kulala hapo tangu mvua za masika wakiogopa kupitwa na namba zao. Yumo fundi viatu, namba tisa, ambaye hakuweza tena kumeza ugali. Wamo mapacha wa mwalimu. Kumi na moja. Alijaribu kuwafikiria hao tu. Lakini kokwa lililokuwa chini ya kola yake lilidunda, naye akajua kwamba hata kama baraza lingekuwa tupu, bado angekuwa anatafuta sababu.

Sita. Tano.

"Wino umekaa," alisema.

Mikono ikashuka.

*

Kwenye sinia alikata tezi ya kulia vipande vyembamba kwa wembe, akikipindua kila kipande chini ya taa. Cha tisa kilikuwa nayo. Punje nzima, nyeusi kwa nje kama iliyochovywa, lakini wembe ulipoigusa ndani ilikuwa ya rangi ya asali. Nyingine aliikuta imepasuliwa katikati, haikufaa kitu. Ile nzima aliitia katika bakuli dogo la maji ya chumvi yenye barafu, akamfuata Nkuwi kwenye karai la kunawia.

Daktari aliitazama muda mrefu. Maji yaliendelea kumwagika mikononi mwake.

"Bado i hai," alisema Sechelela. "Nusu saa, labda zaidi. Ikikatwakatwa ikapandwa kwenye nyama ya mkono, inashika. Vitabuni ipo. Bado amelala."

"Najua ipo vitabuni. Niliifanya, zamani, kabla ya Fundi." Alifunga maji. "Miaka tisa sijashika kisu, Sechelela."

"Mimi nitakushikia mkono wake."

"Halafu akiamka? Shingo haina hata mkwaruzo, lakini mkononi ana jeraha la nyuzi tano. Yule mama ni mkunga, si mjinga. Atauliza limefanya nini hapo. Tutamjibu nini?"

"Tutamwambia ukweli."

"Akishajua, kesho sikio la Fundi la ukutani litajua, na kesho kutwa litakuja lori la sanduku." Alikausha mikono kidole kimoja kimoja. "Uliniambia umekaa."

"Uliniuliza ukiwa umeshaona!" Sauti ilimtoka kwa nguvu kuliko alivyotaka. "Uliona wewe mwenyewe. Mguu ulikuwa wako na pedali ilikuwa yako. Kwa nini uliniuliza mimi?"

Nkuwi alitafuta viatu vyake kwa macho. Alikuwa mtu wa miaka sitini na miwili, na wakati huo alionekana mzee zaidi.

"Kwa sababu nilijua utakachojibu," alisema. "Nilitaka kisemwe na mtu mwingine."

Alilichukua bakuli mkononi mwake. Sechelela angeweza kulishikilia. Baadaye alikumbuka hilo kuliko yote: kwamba vidole vyake viliachia bila kuvutwa. Daktari aliimwaga punje kwenye ndoo nyekundu pamoja na pamba, akaifunika, akatoka na viatu vyake mkononi.

*

Asubuhi ya siku ya pili Nyamizi alikuwa ameketi kitandani akilalamika kuhusu uji.

"Uji gani huu usio na ndimu? Ama kweli nimefika kwa Wagogo. Mtani, njoo. Midomo yangu ina ganzi. Kama nimelamba betri."

"Tangu lini?"

"Tangu alfajiri. Na vidoleni, kama siafu wanatembea. Daktari kapita, kasema ni kawaida, itapoa. Kanipa vidonge viwili."

Vidonge viwili walipewa wote. Kalsiamu yenyewe, ile ya dripu na ile ya kumeza maisha yote, ilikaa kwenye kabati la chuma mwisho wa wodi. Kabati lile halikuwa na ufunguo. Lilifunguka baada ya mtumishi kulitamkia sikio la ukutani jina la mgonjwa na sababu, na kwa mgonjwa asiye na punje sababu zilikuwa mbili tu: saratani, au wino. Kila aliyetaja saratani alitakiwa kuonyesha punje zote nne zilizoshikwa. Za Nyamizi zilizoshikwa zilikuwa mbili tu.

"Ngoja nikupime presha," alisema Sechelela, kwa kuwa ndiyo kazi iliyokuwa karibu.

Alifunga mpira juu ya kiwiko cha mkono wa kulia, akaujaza upepo. Hewa ikakaza. Nyamizi alikuwa katikati ya kusema jambo kuhusu ndimu aliponyamaza.

Mkono ulikuwa unajikunja. Kiwiko na kifundo viliinama kwanza. Kisha vidole vinne vikajinyoosha na kukutana ncha, vimebanana, na gumba likaingia polepole katikati yake, hadi kiganja kizima kikawa chembamba na chenye kuchongoka kama mdomo wa ndege. Kikakaa hivyo. Sechelela aliuachia mpira upepo wote. Mkono haukufunguka.

Nyamizi aliutazama kama mtu aliyeletewa kitu chake kilichopotea.

"Mkono huu naujua," alisema.

Sechelela aliuvua ule mpira.

"Hivi ndivyo unavyoingia kumtafuta mtoto aliyekaa vibaya. Unabana vidole hivi, gumba unalificha hapa. Nimewafundisha wasichana ishirini na watatu. Wengine iliwachukua mwezi." Alijaribu kuvikunjua kwa mkono wa kushoto. Havikusogea. Jasho likamtoka juu ya mdomo. "Unauma, mtani. Ufungue."

"Mama..."

"Na nilishauona kwa mwanamke mmoja kule mgodini, baada ya kukatwa rovu na wale wa zamani. Ulianza mkono. Siku ya nne hakuweza kuvuta pumzi." Macho yake yalihama kutoka mkononi hadi usoni mwa Sechelela, yakabaki hapo. "Wimbo ule. Nilipoitikia, kitu kilikwenda mrama, sivyo? Nilikuona usoni. Uliacha ghafla."

Wodini walikuwamo wanawake wengine wanne. Kijiko kilikuwa kikigonga bakuli, kisha kikaacha.

"Ni mimi," alisema Nyamizi. "Uliniambia nisiseme neno. Ukubwa huu wote, nimeshindwa kunyamaza kidogo tu! Nimejiponza mwenyewe. Usilie, mwanangu, wewe ulinionya."

Hapo ndipo Sechelela alipoonyeshwa mlango wa kutokea. Ulikuwa wazi kabisa, na aliyeufungua ni mwenye haki. Hakuhitaji hata kusema uongo mwingine. Alihitaji kuinamisha kichwa tu. Mama angekufa akiamini ni koo lake lililomuua, na mtani wake angemzika kama walivyoagana kwa kicheko, na baada ya siku kumi na tatu namba thelathini na nane ingeitwa.

"Si wewe," alisema.

"Nini?"

"Si wewe, mama. Ulipoitikia mara ya kwanza tu, nilipaswa kuchomoa sindano. Sikuchomoa, nikaendelea kuimba. Wino ukamwagika nikauona, nikakupeleka mbele hivyo hivyo. Fundi iliniuliza. Punje zako mbili zilikuwa nzima, mama, zilikuwa nzima kabisa, zimepakwa rangi tu. Nikasema wino umekaa." Alivuta pumzi. "Moja niliipata kwenye sinia ikiwa hai. Hiyo nayo tuliitupa."

Mkono wa Nyamizi ulisimama katikati yao, umebana vidole.

Sechelela alikwenda mwisho wa wodi. Hakuwa na safari ndefu. Vitanda sita, dirisha moja. Kupitia dirishani aliliona baraza. Fundi viatu alikuwa ameinamia soli ya mtu, kitambaa kimefungwa shingoni kuficha uvimbe. Mmoja wa mapacha alikuwa anamsuka mwenzake. Alisimama mbele ya sikio la ukutani, sahani ya chuma yenye vitundu.

"Sechelela Chilongani, mtia wino," alisema. "Mgonjwa, Nyamizi binti Kasanda. Punje mbili za kulia." Alisogea karibu zaidi na vitundu. "Wino haukukaa."

"Rudia," ilisema sauti ile ile ya mtu aliyelala vizuri.

"Wino haukukaa. Nilijua."

Kabati lilifunguka kwa mlio mdogo. Na nje, juu ya mlango wa chumba cha upasuaji, taa ya kijani ambayo watu wa barazani walizoea kuitazama kama wengine wanavyotazama mawingu ya mvua, ikazimika. Haikuwaka nyingine mahali pake. Fundi viatu aliinua kichwa. Pacha aliyekuwa akisukwa aliuliza kitu, na aliyekuwa akisuka akasimamisha mikono.

Nkuwi alitokea mlangoni mwa wodi. Aliitazama dripu iliyokuwa mkononi mwa Sechelela, akatazama dirishani, kisha akaegemea ukuta, akateleza taratibu hadi akakaa sakafuni. Hakumkaripia. Sechelela alipita mbele ya magoti yake.

Alitafuta mshipa katika mkono wa kushoto, akaupata mara ya kwanza. Kalsiamu hushuka polepole. Nayo haitaki haraka. Alikaa pembeni ya kitanda akihesabu matone, na nje sauti za watu zilianza kuongezeka, kwanza za kuuliza, halafu za kuulizana, halafu moja ya kulia.

"Dawa hii nitakunywa mpaka lini?" aliuliza Nyamizi hatimaye.

"Mpaka mwisho, mama. Kila siku. Lakini sasa jina lako lipo kabatini; hawawezi kukunyima."

"Na wale?"

Sechelela aliendelea kuhesabu. Alipofika tone la mia mbili, gumba la Nyamizi lilitikisika. Kisha kidole cha shahada kikajitenga na wenzake, kama mtu anayeamka wa kwanza ndani ya nyumba. Vikafuata vingine, kimoja kimoja, vikitetemeka. Nyamizi alikunja ngumi, akakunjua. Aliuinua ule mkono, na Sechelela alidhani atapigwa, wala hakukwepa.

Vidole vilitua shingoni mwake. Viliingia chini ya kola upande wa kushoto, vikapapasa kwa utulivu, vikapita pembeni, vikarudi, vikasimama. Ilikuwa mikono iliyozoea kujua kilichojificha ndani ya mtu bila kukiona. Alilizunguka lile kokwa taratibu, akalisukuma kuona kama linasogea. Halikusogea.

"Namba ngapi?" aliuliza Nyamizi.

"Thelathini na nane."

Mkono haukuondoka. Nje, mtu alikuwa anaugonga mlango wa chumba cha upasuaji kwa kiganja, akiita jina la daktari.